Kupanga Chombo Kabla ya Kukishona: Mashua ya Plaiwudi ya Alaska na Msamiati wa Vyombo wa Pwani

Utangulizi

Katika mji wa Homer, jimbo la Alaska nchini Marekani, si ajabu kwa mvuvi asiye fundi kujiundia mashua nyuma ya nyumba yake na kutoka nayo mbali na pwani. Desturi hiyo ilipata nguvu kupitia Renn Tolman, muunda mashua wa mji huo, aliyechapisha mwaka 1992 kitabu cha maelekezo ya kuunda mashua ya plaiwudi, na kingine mwaka 2003. Chombo chenyewe ni kidogo, urefu wake ni mita 6 au zaidi kidogo, na husukumwa na injini ya kupachika. Kinatakiwa kufanya kazi mbili ambazo hazipatani kwa urahisi: kuvua mbali na nchi kavu, na kuwapeleka wawindaji kwenye fukwe zisizofikiwa na barabara. Makala haya yanaeleza namna chombo hicho kinavyopangwa, na yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maelezo hayo tayari ina maneno yake katika Kiswahili cha mabaharia.

Ipo tofauti moja ya msingi. Fundi wa Lamu au Nungwi huweza kuunda jahazi bila mchoro, kwa kuwa vipimo vimo katika jicho na mkono wake, navyo alivirithi kwa miaka ya kumshikia bwana wake tezo na keekee. Anayejiundia nyumbani hana jicho hilo. Yale ambayo fundi huyaamua mbao zikiwa tayari zimesimama juu ya mkuku, yeye hana budi kuyaamua kwenye karatasi, kabla hajanunua hata ubao mmoja.

Umbo la chini

Uamuzi mgumu kuliko yote ni wa umbo la chini ya chombo. Mashua yenye tumbo bapa hutulia inaposimama. Watu wawili wanaweza kuegemea ubavu mmoja bila kuipindua. Lakini ikikimbia dhidi ya mawimbi hupiga maji kwa kishindo, na kishindo hicho huchosha migongo ya watu na viungo vya mbao pia. Mashua yenye tumbo lililochongoka hukata wimbi kwa ulaini, ila ikisimama huyumba huku na huku, nayo huhitaji injini yenye nguvu zaidi na mafuta mengi zaidi.

Mvuvi wa mbali angependa umbo la pili. Mwindaji angependa la kwanza, tena kwa sababu ambayo sheria imeizidishia uzito: kanuni za shirikisho za Marekani kuhusu ndege wahamao haziruhusu kuwapiga risasi kutoka kwenye chombo cha injini mpaka injini izimwe na mwendo uliotokana nayo uishe kabisa. Kwa hiyo bunduki hutumika wakati uleule ambapo tumbo lililochongoka huyumba zaidi. Suluhisho la kawaida ni kuweka hanamu kali upande wa omo, kisha kulilegeza tumbo polepole mpaka likaribie kuwa bapa kwenye tezi. Si suluhisho kamili, na anayedai kuwa na mashua isiyo na kasoro hata moja kati ya hizi mbili hajafika nayo baharini.

Kujaa na kupwa kwa maji nako huingia katika hesabu. Huko Homer, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia karibu mita 8 wakati wa bamvua, ambapo Unguja ni takriban mita 4. Mashua iliyoachwa ufukweni wakati wawindaji wako msituni hupwelea kwa saa nyingi, na watu wawili hawawezi kuivuta chombo chenye uzito wa nusu tani. Ndiyo maana wenyeji huitia nanga mbali kidogo na kuifunga kwa kamba inayozunguka kwenye kapi, ili aliye nchi kavu aweze kuivuta au kuirudisha kwenye kina. Mahali pa kufungia kamba hiyo hupangwa kwenye mchoro tangu mwanzo.

Uzito

Hesabu ya uzito ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi. Ikiwa eneo la mashua linalokalia maji ni mita za mraba 7.5, basi kila kilo 77 zinazoongezwa huizamisha sentimita moja zaidi. Watu wawili na mavazi yao (kilo 200), petroli lita 150 (kilo 110), nanga, barafu na zana (kilo 90), pamoja na nyama ya kulungu wanne (kilo 160), jumla yake ni kilo 560, yaani sentimita 7 na kidogo. Hizo si nyingi.

Hatari iko kwenye maji yanayoingia. Wimbi likiacha maji ya kina cha sentimita 10 juu ya sakafu ya mita za mraba 5, mashua imebeba kilo zaidi ya 500 kwa mara moja, na mzigo huo hautulii: hukimbilia upande ule ule ambao chombo kimelalia. Baharia wa pwani aliyewahi kushika upo katika ngama iliyofurika halihitaji somo hili. Mpangaji wa mashua hulijibu kwa kuinua sakafu juu ya usawa wa maji ya nje na kuacha matundu ya kuyatoa, au kwa kuinua mbavu zaidi na kutegemea pampu. Njia ya kwanza huwapandisha watu juu na kupunguza utulivu. Kwa mashua ya mita 6, njia ya pili mara nyingi ndiyo yenye busara.

Mshono

Plaiwudi huuzwa kwa vipande vya sentimita 122 kwa 244, kwa hiyo ubavu wa mita 6 lazima uungwe. Ncha hurandwa kwa mteremko wa urefu mara nane ya unene wa ubao, kisha hupandanishwa na kugandishwa kwa epoksi. Ubao wa milimita 9 huhitaji mteremko wa milimita 72. Baada ya hapo vipande vilivyokatwa kwa umbo hutobolewa kandokando, hushonwa kwa waya wa shaba, na pembe za ndani hujazwa epoksi na kufunikwa kwa utepe wa faiba.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ataukumbuka mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari. Tofauti ni kwamba kamba ya mtepe ndiyo iliyokishika chombo maisha yake yote, lakini waya wa shaba hushika kwa siku chache tu. Epoksi ikikauka, huondolewa. Hata hivyo kitenzi ni kilekile, kushona, nacho kinaeleweka kwa fundi yeyote wa pwani. Vivyo hivyo mkuku, hanamu, omo, tezi, taruma na ngama hazihitaji istilahi mpya. Mwongozo wa mafunzo unaoyapita maneno haya na kutohoa ya Kiingereza humfanya fundi mzoefu aonekane mwanafunzi katika kazi yake mwenyewe.

Pale sheria inaponyamaza

Kwa washauri wa sera, funzo zito liko katika jambo ambalo sheria ya Marekani haikuligusa. Kanuni za shirikisho humtaka mtengenezaji wa mashua za kuuza zenye urefu chini ya futi 20 aziwekee vitu vya kuziwezesha kuelea hata zikijaa maji. Anayejiundia kwa matumizi yake mwenyewe habanwi na sharti hilo. Plaiwudi huelea, ila injini haielei; mashua iliyojaa maji huzamisha tezi na kusimamisha omo, na watu hubaki ndani ya maji ya nyuzi 10 hivi za sentigredi. Mpangaji makini hujiwekea sharti ambalo hakuwekewa: hutenga nafasi ya povu gumu, ambalo mita moja ya ujazo hubeba karibu tani moja. Nafasi hiyo huwekwa juu, kandokando ya mbavu na karibu na injini. Povu lililojazwa chini ya sakafu pekee hulielea vilevile, lakini huipindua mashua ikaelea tumbo likiwa juu.