Begi Hufia Kwenye Maungio

Mkazi wa Pongwe, Tanga, anayepanda ndege mara kwa mara, awe mhandisi wa kiwanda cha saruji, mfanyabiashara wa Dubai au bibi anayekwenda kuwaona wajukuu Muscat, hulitesa begi lake kabla halijafika uwanjani. Linapakatwa kwenye bodaboda, linaburutwa kwenye kokoto, linabanwa kwenye buti la basi kutoka stendi ya Kange mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, ndipo safari ya ndege inaanza. Na anayeruka kutoka Tanga kwenda Pemba au Unguja hukuta ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ambayo sehemu yake ya mizigo iko chini ya tumbo, nyembamba na fupi. Boksi gumu la plastiki huwa taabu kuingia humo. Ndiyo maana kampuni za ndege hizi husisitiza begi laini, na kiwango kilichozoeleka ni kilo 15 kwa kila abiria.

Kazi yangu ni kutengeneza mabegi yaliyoharibika, na swali ninaloulizwa zaidi na wanaotaka kununua ni kitambaa kipi imara. Kitambaa kina maana, lakini mengi ya mabegi ninayoletewa kitambaa chake ni kizima kabisa. Kilichokufa ni zipu, mshono wa mkanda, gurudumu, au ngozi nyembamba ya plastiki iliyopakwa kwa ndani. Kwa hiyo kitambaa nitakipitia haraka. Tafuta nailoni. Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Nailoni nzito ya denia 1,050, ambayo asili yake ni makoti ya kinga ya marubani wa Vita vya Pili vya Dunia, haichaniki kirahisi, ila ina uzito. Denia 420 hadi 840 inatosha kwa begi la mkononi. Poliesta inavumilia jua kuliko nailoni, lakini kwenye msuguano nailoni inaishinda.

Adui mkubwa wa pwani ni unyevu. Vitambaa vingi vya mabegi hupakwa poliurethani kwa ndani ili kuzuia maji, na magurudumu mengi laini hutengenezwa kwa poliurethani hiyohiyo. Kuna aina yake ambayo maji yaliyomo hewani huivunjavunja polepole, na joto huharakisha kazi hiyo. Kwanza inanata, halafu inabanduka kama magamba. Gurudumu linaweza kusagika kuwa chembechembe hata kama begi limekaa kabatini tu. Anayenunua begi la mtumba ajihadhari hapa, kwa sababu huenda lilishakaa miaka kwenye ghala kabla ya kufika Tanga. Ligeuze ndani nje, kwaruza ule mpako kwa ukucha. Ukitoka unga au ukinata kidoleni, rudisha begi hata kama nje linang'aa. Bonyeza na gurudumu kwa ukucha: likionyesha nyufa, limeshaanza kufa.

Sasa mikanda. Mabegi ya bei nafuu hufungwa mikanda ya polipropilini, nyuzi ileile inayofumiwa viroba. Mkoa wetu unaifahamu kwa machungu. Katani iliyoanzia kwa miche 62 tu, iliyonusurika safari kutoka Florida na kupandwa Kikogwe, Pangani, na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ilifikia tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Kisha kamba za polipropilini zikateka soko, na mashamba ya Tanga yakaporomoka. Nyuzi hiyo ni nyepesi, ya bei ndogo na haiozi kwa maji, lakini jua huimaliza. Kila aliyewahi kuacha kiroba uwanjani ameona kinavyopukutika kikishikwa. Mkanda wa begi ukikaa juani miezi mingi huelekea hukohuko, na siku utakayokatika utakuwa umebeba kompyuta.

Kuna kipimo rahisi. Chomoa uzi mdogo kwenye ncha ya mkanda, uzamishe kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, na uukamue kwa vidole mapovu yatoke. Ukielea ni polipropilini. Nailoni na poliesta huzama. Kisha angalia mkanda unapoungana na begi. Mshono uwe umepita mara kadhaa, wa mraba wenye msalaba katikati, na ncha ya mkanda iwe imeingizwa ndani ya ukingo wa begi. Mshono wa mstari mmoja utaachia.

Zipu hupimwa kwa namba, ambayo ni takriban upana wa meno yaliyofungwa, kwa milimita. Mlango mkuu wa begi unahitaji namba 8 au 10. Namba 5 ibaki mifukoni. Zipu ya chuma kwenye hewa ya chumvi hushika kutu na kugoma. Zipu ya nailoni iliyosokotwa kama springi ndiyo ninayoipendekeza, maana ikiachia katikati unarudisha kichwa chake nyuma na kuifunga upya, wakati zipu ya meno ya plastiki ikipoteza jino moja imekwisha. Usiridhike na herufi za YKK, chapa ya zipu, zilizochongwa kichwani, kwa kuwa za bandia zimejaa sokoni. Vuta zipu penye kona mara kadhaa. Ikisita dukani, itagoma safarini. Kinacholika kwanza ni kichwa, na fundi hukibadilisha bila kufumua begi.

Kuhusu magurudumu msimamo wangu ni huu: kwa njia za Pongwe, yaache. Magurudumu, fremu na mkono wa kuvutia hula zaidi ya kilo nzima, na Emirates na Qatar Airways huruhusu kilo 7 tu za mkononi kwa abiria wa daraja la kawaida. Begi la kilo 3 linakuachia kilo 4 za mali yako. Mgongo ukikukataza kubeba, chukua la magurudumu mawili makubwa yaliyofungwa kwa skrubu zinazoonekana, kwani yaliyopigwa ribiti hayabadilishiki kirahisi.

Vipimo vya begi la mkononi havifanani kila mahali. Mwaka 2015 IATA, shirika la kimataifa la kampuni za ndege, lilipendekeza sentimita 55 kwa 35 kwa 20 kwa kampuni zote, likapingwa, na pendekezo likawekwa kando. Emirates hukubali 55 kwa 38 kwa 22. Pima begi likiwa limejaa, pamoja na mikono na magurudumu. Lenye betri isiyotoka usilinunue: likilazimika kwenda chini kwenye mizigo, betri sharti itolewe.

Baada ya kununua, lipeleke kwa fundi cherehani likiwa bado jipya, aongeze mshono kwenye maungio yote ya mikanda. Mpe uzi mnene wa nailoni au poliesta, kwani uzi wa pamba huoza kwa jasho na mvua za masika. Nyumbani litundike chumbani penye hewa, mbali na dirisha la jua, zipu zikiwa wazi. Usilisukumie mvunguni.