Unaedit video za gemu za kitambo? Usinyooshe uso wa Jin!

UMEONA zile klipu za Tekken 3 zinazozunguka mitandaoni, picha ina ukungu na wapiganaji wamenenepa mashavu kama waliong'atwa na nyuki? Kosa si la gemu. Ni la aliyeedit. Ukifuata hatua chache, video ya mwaka wa 1998 inaweza kutoka safi kwenye simu au runinga ya leo.

Anza leo, maana diski hazingoji. Data ya CD iko chini tu ya upande wenye picha, kwa hivyo mkwaruzo wa juu ni hatari kuliko wa chini. Futa vumbi kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, usizungushe. Laptopu yako haina mahali pa kuingiza diski? Tafuta kisomaji cha DVD cha USB. Kinasoma diski nyeusi za PS1 na hata za PS2.

Sasa usikimbilie kukopi faili moja moja. Katika PS1, picha na sauti zimesukwa pamoja kwenye faili ambazo mara nyingi huishia na .STR, na ukikopi kawaida sauti huharibika. Nakili diski nzima iwe faili za BIN na CUE. ImgBurn, programu ya bure ya Windows, inaifanya kazi hiyo. Kisha fungua BIN hiyo kwa jPSXdec, nayo ni ya bure. Itakuorodheshea video zote zilizomo, uchague ile unayotaka, mathalan mwisho wa hadithi ya Jin, uihifadhi kama AVI.

Kwa PS2, tafuta faili zinazoishia na .PSS. Ndani yake kuna video ya MPEG-2, ile familia ya video za DVD. Ukiifungua na upate picha bila sauti, usitupe diski. Sauti imepakiwa kwa mtindo wa Sony na huhitaji kutolewa kando.

Lakini subiri kidogo. Si kila tukio la hadithi ni video. Mazungumzo ya CJ na Big Smoke katika GTA San Andreas ya 2004 huchorwa na gemu yenyewe unapocheza. Hata uchakure diski usiku kucha, hutapata faili yake. Hapo dawa ni kurekodi skrini, ama kwa kifaa cha kunasa picha kutoka kwa PS2, ama kwa kucheza diski yako ndani ya PCSX2 kwenye tarakilishi.

Haya, ukubwa. Hapa ndipo wengi huteleza. Video nyingi za PS1 zina upana wa pikseli 320 na kimo cha 240 hivi. Za PS2 mara nyingi ni 512 kwa 448, na runinga ya zamani ndiyo iliyozivuta zikae sawa. Nyingi zilitengenezewa skrini ya 4:3. Runinga ya leo ni 16:9. Ukijaza skrini nzima kwa lazima, upana unaongezeka kwa theluthi moja, na hapo ndipo mashavu yanapovimba.

Hesabu ni rahisi. Kwa video ya kulala yenye kimo cha 1080, picha yako iwe 1440 kwa 1080, uache ukanda mweusi wa 240 kila upande. Kwa video ya kusimama ya TikTok yenye upana wa 1080, picha iwe 1080 kwa 810. Nafasi ya juu na chini weka maandishi. Ukiwa na FFmpeg, amri ni hii:

ffmpeg -i jin.avi -vf "scale=1440:1080:flags=lanczos,setsar=1" jin_kubwa.mp4

Lanczos hulainisha kingo za video. Kwa picha za gemu za vidoti, kama za Super Nintendo, tumia "neighbor" badala yake ili kila doti ibaki kali. Ukiona mistari kama meno ya kitana mtu anaposonga, ongeza bwdif kabla ya scale. Panua mara moja tu, kutoka faili ya kwanza. Kila unapohifadhi tena, ubora unapungua.

Kuhusu kasi, video nyingi za PS1 zina fremu 15 kwa sekunde. Weka mradi wako kwenye 30, kila fremu ionekane mara mbili. Zima ile huduma ya kuchanganya fremu, la sivyo ngumi itaacha kivuli.

Mwisho, hiyo diski ni yako lakini video ni ya kampuni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kama vile uhakiki, mradi utaje kazi na mwenyewe. Kwa hivyo weka sauti yako, toa maoni, linganisha, chekesha. Ukipakia video nzima kavu kavu, YouTube inaweza kuiondoa, na onyo la hakimiliki la tatu ndani ya siku 90 linaweza kufunga chaneli yako yote. Kazi ya miezi itaenda na maji, bana.