Kujiandaa kwa Mitihani ya Kuomba Uzamili Ukiwa Mikumi

Mhitimu wa shahada ya kwanza anayetoka Mikumi au Kilosa mjini, akiomba nafasi ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, au katika Chuo Kikuu Mzumbe kilicho upande wa barabara ya Iringa, kwa kawaida hupimwa kwa matokeo aliyokwisha kuyapata, na kigezo kilichozoeleka nchini ni GPA isiyopungua 2.7 kati ya 5. Hali hubadilika anapogeukia vyuo vya Marekani, ambako baadhi ya idara humtaka mwombaji afanye pia mtihani wa jumla unaoitwa GRE, ambao haupimi fani aliyoisomea bali uwezo wake wa kusoma, kuhesabu na kujenga hoja kwa Kiingereza. Wanaokwenda kusomea biashara huweza kuombwa GMAT, yenye alama kuanzia 205 hadi 805. Sheria ina LSAT na udaktari una MCAT, kwa kuwa huko Marekani fani hizo mbili husomwa baada ya shahada ya kwanza.

Hatua ya kwanza, ambayo wengi huiruka, ni kuhakikisha kama mtihani unahitajika. Kijana wa Mikumi aliyekua jirani na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, akasomea usimamizi wa wanyamapori na kutaka kuendelea na ikolojia, atakuta idara nyingi za biolojia za Marekani zimeacha kudai GRE katika miaka ya karibuni, hasa baada ya janga la korona la mwaka 2020; na vyuo vya Uingereza kwa sehemu kubwa hutazama shahada ya kwanza na ushahidi wa Kiingereza, kama vile mtihani wa IELTS. Ada ya GRE katika nchi nyingi ni dola 220, yaani zaidi ya nusu milioni ya shilingi, na si haki familia ichangishane fedha hizo kwa mtihani ambao idara husika haiutazami kabisa.

Kwa anayeuhitaji kweli, ni vyema alijue umbo lake. Tangu Septemba 2023 mtihani huu, unaotungwa na shirika la ETS, umefupishwa na sasa huchukua muda usiofika saa mbili: insha moja ya dakika 30, maswali 27 ya lugha na 27 ya hisabati. Lugha na hisabati hupewa kila moja alama kati ya 130 na 170, na insha hupewa 0 hadi 6. Maswali ya lugha, kama yale ya hisabati, yamegawanywa katika vipande viwili, na kompyuta huchagua ugumu wa kipande cha pili kulingana na majibu ya kipande cha kwanza, hivyo anayeanza kwa pupa hujipunguzia nafasi mapema. Jibu lililokosewa halikatwi alama, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha swali tupu.

Hisabati ndiyo inayowatisha wengi, na hofu hiyo ina chimbuko lake, kwani somo hilo limekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne. Hata hivyo, GRE haiulizi kalkulasi wala trigonometria. Huuliza uwiano, asilimia, milinganyo, pembetatu na duara, uwezekano, na usomaji wa majedwali na chati. Mambo hayo kwa sehemu kubwa yamo katika vitabu vya Basic Mathematics vya kidato cha kwanza hadi cha nne, ambavyo huweza kuazimwa kwa mwanafunzi wa jirani bila gharama. Linaloweza kuwa geni kwa aliyesoma mchepuo wa sanaa ni kipimo cha jinsi tarakimu zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, nalo hujifunzwa kwa siku chache. Aidha, aliyefundishwa kukokotoa kwa kichwa na kwa majedwali hana haja ya kukililia kikokotoo, ingawa mtihani humpa kimoja kwenye skrini.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika kusoma. Mtoto wa shule ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, kisha huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni ya Kiingereza, na akifika chuoni mara nyingi huvuka mitihani kwa madesa, yaani muhtasari wa mihadhara unaopita mkono kwa mkono, bila kulazimika kumaliza kitabu kizima. GRE humwekea kifungu kigumu juu ya mada asiyoijua, pengine kemia ya bahari au historia ya sanaa, na kumuuliza mwandishi anadai nini, ametegemea dhana gani ambayo hakuisema, na ni ushahidi upi ungeidhoofisha hoja yake. Orodha za maneno elfu moja ya Kiingereza zinazouzwa na kukaririwa usiku haziwezi kumpa mtu uwezo huo, na ni kupoteza muda kuzitanguliza. Kinachofaa ni kusoma makala moja ndefu kila siku kwa miezi minne au mitano, kisha kuifunga na kuandika kwa aya moja hoja yake na udhaifu wake.

Uzito wa mitihani ya kitaaluma haupo ng'ambo peke yake. Mwezi Oktoba 2022 ilijulikana kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Law School, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioshindwa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza jambo hilo, na mjadala juu ya sababu ulikuwa mkali. Lakini wote 633 walikuwa tayari na shahada ya sheria mkononi, na hilo linatosha kuonyesha kwamba cheti peke yake si maandalizi.

GRE huweza kufanyiwa nyumbani, lakini kwa kompyuta tu, si simu, katika chumba kisicho na mtu mwingine na chenye intaneti isiyokatika, masharti ambayo nyumba nyingi za Mikumi haziwezi kuyatimiza. Majaribio mawili kamili yanayotolewa bure na ETS nayo hufanywa kwenye kompyuta. Kwa hiyo shule na vyuo vya Wilaya ya Kilosa vyenye vyumba vya kompyuta vinaombwa kuvifungua siku za Jumamosi kwa wahitimu wanaosubiri ajira, kwa kuwa alama za GRE hudumu miaka mitano na muda wa kujiandaa wanao sasa.