Santuri na Baraza: Usikilizaji wa Taarab ya Kale Unguja

Taarab iliingia Unguja kwa mlango wa jumba la kifalme, katika enzi ya Sayyid Barghash (1870–1888), ikapigwa kwa mtindo wa Misri na kuimbwa kwa Kiarabu, na hata chama cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, raha yake ilibaki zaidi kwa wenye nasaba na uwezo. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, ndiye aliyeiimba kwa Kiswahili ikawafikia watu wa Ng'ambo, yaani mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe. Na mwaka 1928 alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay, wakarekodi kwa kampuni ya His Master's Voice.

Sahani za santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa India, uleule uliotumika katika lakiri ya kufungia barua, kwa hiyo zilikuwa nzito na zilipoanguka zilivunjika kama kigae. Kinanda chake hakikuhitaji umeme: kilijazwa kwa mkono, kikaizungusha sahani mara 78 hivi kwa dakika, na mwenye kinanda alipojisahau, sauti ya mwimbaji ilizama taratibu mpaka ikawa mngurumo wa dume. Sindano ya chuma nayo ilipaswa kubadilishwa kila upande ulipomalizika, ingawa wenye mkono mgumu waliitumia mpaka ikaanza kuchimba mifereji ya sahani.

Si kila nyumba iliyokuwa na kinanda, na pengine hiyo ndiyo iliyokuwa bahati ya muziki wenyewe, kwa kuwa usikilizaji ukawa jambo la baraza na la mikahawa, ambako mwenye duka aliyeweka santuri alijipatia wateja na wateja wakapata mazungumzo. Katika taarab ya ukumbini msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka na kumtunza mwimbaji, maana yake kumpa fedha hadharani, na mara nyingi tuzo hiyo humfikishia ujumbe mtu wa tatu aliyekaa palepale. Mbele ya santuri hakukuwa na wa kutunzwa, lakini kulikuwa na fursa ambayo ukumbi haukuitoa, nayo ni kurudisha sindano mwanzo na kuusikiliza ubeti uleule mpaka fumbo lake lifumbuliwe au ugomvi uzuke. Wimbo wa Siti uitwao Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam na hukumu iliyowaudhi wengi, ulikuwa na mengi ya kujadiliwa kwa namna hiyo.

Upande mmoja wa sahani ulichukua takriban dakika tatu tu, muda usiotosha hata kuipasha moto hadhira ya ukumbini, hivyo beti zilipunguzwa au wimbo ukagawanywa pande mbili. Wakusanyaji wa leo hutafuta sahani safi zisizokwaruza, na hilo linaeleweka, ila wanachopenda kusahau ni kwamba sahani iliyobaki safi kwa kawaida ni ile ambayo wenyewe wa zamani hawakuipenda sana, wakati zile zilizopendwa zililiwa na sindano.