Sumaku inayosaka malaria kwenye damu ya mtoto

Mtoto wa Bondeni akiokota sumaku ya spika iliyokufa, kazi ya kwanza ni kuiburuza mchangani. Inatoka na ndevu za chembe nyeusi, na mama anawaza nguo za kufua. Mchezo huohuo, kwa vipimo vidogo mno, wanasayansi wanautumia kusaka homa inayotusumbua kila maji yanapotuama, Ipinda hadi Matema.

Kimelea cha malaria hula hemoglobini ya damu. Mabaki yenye chuma ni sumu kwake, hivyo huyageuza kuwa vijiwe viitwavyo hemozoini, vingi havifiki hata elfu moja ya milimita. Sumaku huvivuta, ingawa kwa unyonge.

Jirani yetu Brian Gitta wa Uganda aliugua malaria, na damu ilipimwa mara nne ndipo ikaonekana. Yeye na wenzake wakaunda Matibabu, kifaa cha kubana kidoleni kinachotafuta dalili za kimelea kwa mwanga na sumaku, bila kutoboa. Mwaka 2018 kilimpatia tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000.

Kuna njia nyingine, na mimi hii ndiyo inanivutia zaidi. Maabara hutengeneza chembe za sumaku za chuma, huzivika kinga zinazong'ang'ania ugonjwa fulani, kisha huzihesabu. Wataalamu wa Jülich, Ujerumani, walieleza mwaka 2007 namna ya kuzihesabu kwa sumaku mbili za umeme kwa pamoja: moja inatetema polepole, nyingine haraka sana. Mfikirie bibi anayepeta mchele wa Kyela: anautikisa ungo taratibu huku akiugonga kwa vidole. Tofauti ni kwamba hapa kinachosikilizwa ni jibu. Chembe za sumaku hujibu kwa mitetemo mipya, mchanganyiko wa ile miwili, ambayo maji na damu havitoi. Chembe kubwa na ndogo hazijibu sawa, kwa hiyo aina mbili zikichanganywa kwenye tone moja zinaweza kutambuliwa. Kwa mzazi maana yake ni tone moja la damu kuulizwa maswali mawili, badala ya mtoto kutobolewa mara mbili.

Hayo ni ya maabara. Bangili ya sumaku inayouzwa mnadani haipimi wala haitibu malaria, hata muuzaji akiapa.

Leo mtoto akichemka, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kinataka tone la kidoleni, na majibu ni kama dakika 15 hadi 20. Kina kasoro moja ambayo wazazi wengi hawaambiwi: kinatafuta protini ya kimelea, nayo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Mtoto aliyemaliza dawa juzi anaweza kuonyesha mistari miwili huku homa ya leo ikitokana na kitu kingine kabisa, labda mapafu. Mweleze nesi dawa gani alimeza na lini, na ubebe pakiti yake pamoja na kadi ya kliniki. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akilegea au akikataa kunyonya, msisubiri kuche.