Kustaafu kazi si kustaafu maisha

Katika hospitali na zahanati zetu za misheni sisi wauguzi tunampokea mara kwa mara mgonjwa wa namna hii. Ana miaka sitini na kitu. Usiku hapati usingizi, chakula hakina ladha, kichwa kinauma, mwili umechoka ingawa hana kazi nzito. Tunampima malaria, hana. Tunampima presha, imepanda. Tukimwuliza alistaafu lini, anajibu, "Mwaka jana." Hapo tunaanza kuelewa.

Hapa Tanzania mtumishi wa umma huweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Wengi hujiandaa kwa kujenga nyumba, kununua ng'ombe au kufungua duka. Wachache hujiandaa kwa ile Jumatatu asubuhi ambayo hakuna mtu anayemngoja mahali popote. Mwalimu aliyezoea kuamkiwa na darasa zima sasa anakaa barazani peke yake. Wengine hutafuta wenzao kilabuni, na pombe huongeza presha na ugomvi nyumbani.

Upweke hudhuru mwili pia. Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu The Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, nayo yanaweza kupunguzwa. Kati yake ni presha, kisukari, kutosikia vizuri, macho yasiyotibiwa na kukaa mbali na watu.

Pamoja na vidonge vyake, mstaafu anahitaji vitu viwili visivyouzwa katika duka la dawa.

DAFTARI

Nunua daftari la shule, uandike kila siku hata nusu ukurasa. Usitafute maneno makubwa. Bibi yako aliitwa nani? Ulitembea umbali gani kwenda shule? Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 mlichimbaje vyoo kijijini? Nani walifyatua matofali ya kigango chenu? Wajukuu hawayajui hayo, na usipoyaandika utaondoka nayo. Andika pia magonjwa ya ukoo, kama kisukari na presha, kwa maana daktari atawauliza watoto wako.

Kuandika hupunguza pia mzigo wa moyoni. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walitoa matokeo ya utafiti wao. Wanafunzi wa chuo walioandika mambo yaliyowaumiza pamoja na hisia zao, dakika 15 kwa siku nne mfululizo, walikwenda kutibiwa mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Hao walikuwa vijana, lakini uchungu uliofichwa hauchagui umri. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya, kwa hiyo usiogope ukilia kidogo. Ukizidiwa, funga daftari, uandike habari nyingine.

Je, herufi hazionekani? Baada ya miaka 40 macho mengi hushindwa kuona vizuri vitu vya karibu, na miwani ya kusomea husaidia. Ukiona kama kuna ukungu, huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji. Asiyejua kuandika asimulie, mjukuu aandike.

SIKU MOJA KWA WENGINE

Chagua siku moja ya juma, na kazi unayoiweza. Mwalimu awasaidie watoto wanaochelewa kusoma. Fundi atengeneze madawati. Mama aliyelea watoto saba amtembelee mzazi mpya wa jumuiya yake. Tunamfahamu karani mstaafu aliyekuja kwetu mara tatu katika mwezi mmoja, kila mara na maumivu mapya. Tulimpa dawa ya presha, kisha tukamwomba atusaidie kuandika kadi siku ya kliniki ya watoto. Dawa bado anameza, lakini usingizi umerudi. Asipofika, akina mama huuliza, "Babu yuko wapi leo?" Mke wake alituambia kwamba siku hiyo huamka kabla ya jogoo.

Lakini tuwe na kiasi. Usipokee vyeo vitano kwa mpigo, wala usitoe kiinua mgongo chako kwa kila mwenye shida. Usiache dawa zako kwa sababu unajisikia vizuri. Nanyi watoto, msimwambie mzazi kila saa, "Baba, wewe pumzika tu." Mnadhani mnamheshimu, kumbe mnamwondolea sababu ya kuamka.

WAKATI WA KUJA HOSPITALI

Huzuni ikidumu zaidi ya majuma mawili, pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kutopenda tena yale aliyoyapenda, huo ni ugonjwa nao hutibika. Mleteni. Akisema kwamba afadhali afe, msimcheke wala msimkemee. Asiachwe peke yake, aletwe siku hiyo hiyo.

Kwa wengine wote, mwezi huu anzeni na daftari moja. Jioni, mjukuu akisomewa ukurasa mmoja, ataomba wa pili.