Daftari la Mama Mchuuzi

Wengi hudhani kwamba mtu wa benki hufanya kazi ya kuhesabu fedha tu. Sivyo. Anayewahudumia wafanyabiashara wadogo hupima kwanza watu na kazi zao.

Tuseme mama mmoja wa Vuhovi, katika nchi ya Bashu, hununua kahawa kwa wakulima na kuipeleka Butembo. Anataka mkopo ili anunue magunia mengi zaidi. Mtu wa benki atamwuliza maswali matatu. Kazi hii umeifanya tangu lini, na ni nani akujuaye? Fedha zako huingia majira gani? Maana kahawa ina msimu wake, na deni linalodaiwa kabla ya mavuno humkaba mkopaji. Tena, bei ikianguka au njia ikifungwa kwa vita, utalipa kwa kitu gani? Swali hili si ukatili. Katika eneo la Beni, ambako vita vimekatiza safari nyingi, ni swali la busara.

Akijibu kwa kukisia, atarudi mikono mitupu. Lakini akifungua daftari lililoandikwa siku kwa siku, nilinunua, niliuza, nilikopesha, nilitumia nyumbani, daftari hilo litamsemea.

Watu wetu wana sababu ya kuiogopa benki. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1 tu. Mwaka 2016 wateja wa benki ya BIAC waliwekewa mpaka katika kutoa akiba zao. Ndiyo maana wengine huficha dola nyumbani, na wengine hushika likelemba. Likelemba ni njema, kwa kuwa hufundisha uaminifu. Lakini zamu ya mtu huenda isifike wakati kahawa imeiva.

Mkristo mmoja wa Kanada, Alphonse Desjardins, aliona shida kama hiyo kwao Lévis. Mwaka 1900 alianzisha chama cha akiba na mikopo, wanachama wakiwa ndio wenye mali. Siku ya kwanza ya kupokea fedha, Januari 1901, zilikusanywa dola 26 na senti 40 tu. Kazi hiyo ndogo ikakua, ikawa benki kubwa ya ushirika.

Basi tukumbuke jambo moja. Fedha inayokopeshwa ni akiba ya mjane, ya mwalimu, ya mkulima. Akataaye kulipa kwa makusudi humwibia jirani yake. Naye mtu wa benki anayedai rushwa ili atie sahihi ameivunja amri ileile.

Nanyi wanafunzi, hesabu mnazofunzwa shuleni si za mtihani peke yake. Jioni hii kaeni na mama zenu, mwaandikie mauzo ya leo. Huenda mkopo wa mwaka ujao ukaanzia katika ukurasa huo.